Mayai ya Leso

Lindi, Kibera
4 Juni 1994

Khaemba mume wangu,

Niko hai. Nimefika kwa binti ya shangazi yangu, Annet, nikiwa nimelowa mpaka mifupa, na Nzoia mgongoni ndani ya gunia. Watu wa Lindi walidhani nimebeba viazi. Nikawaacha wadhani hivyo.

Barua hii nimempa Akoth, yule mama wa samaki anayeuza huko Kawangware siku za soko na huku Kibera siku nyingine. Yeye haogopi nyoka. Anasema nyoka ni samaki aliyekataa maji. Jibu lako mpe yeye, si mtu mwingine.

Sasa sikiza. Nimesikia uliwaambia wapangaji kwamba nyoka wameisha kwetu. Umefanya vizuri. Wao walimwona mmoja tu, huyu mjinga Nzoia, aliyepita juu ya dari akaangukia bafuni wakati mke wa Gerishon anaoga. Huyo Gerishon, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akaona ni Shetani mwenyewe amekuja kumchungulia mke wake. Vijana wakaokota mawe, na Mama Kagiri mwenye ploti tunayopanga akasimama langoni akasema mguu wangu usikanyage tena hapo Kabiro. Nikatoka. Lakini Leso hawamjui. Hawajui kwamba chini ya kitanda chetu, ndani ya sanduku ulilolipigilia misumari kwa mikono yako, kuna chatu jike mrefu kuliko kitanda chenyewe, na amejikunja juu ya mayai.

Najua unamwogopa. Tangu nilipomleta umekuwa ukilala upande wa ukuta, miguu umeikunja. Na sasa nakuomba ukae naye peke yako.

Mayai hayo hayawezi kuhamishwa. Yai la chatu likigeuzwa, kilichomo ndani kinakufa. Kwa hivyo usiyaguse. Mwekee maji kwenye bakuli, upande wa mkia, si wa kichwa. Usimletee kuku ukidhani unamhurumia, hatakula mpaka yaanguliwe. Ziba dirisha baridi isiingie. Basi.

Utaniuliza tena kwa nini nilifanya haya. Yule Mzungu wa Lang'ata niliyekuwa nikimlishia nyoka alimweka Leso chumba chake, na chatu wa kwetu chumba kingine, akaniambia, “Bridgit, huyu ni wa Bama, kule Asia. Wale ni wa Afrika. Hatuwachanganyi.” Alipofunga virago kurudi kwao aliniachia Leso na karatasi zake kwa sababu hakuna mtu alimtaka. Nikamweka pamoja na Nzoia, chatu dume niliyemlea tangu akiwa mdogo, wa mto wa kwenu. Hawakugombana. Walichanganyika bila kumwuliza mtu. Miaka yote nimezunguka mashuleni na sokoni nikionyesha nyoka ambao kila mtu amewaona kwenye kitabu. Hawa watakuwa nyoka wasiokuwa kwenye kitabu chochote nilichofunguliwa, na watakuwa wangu. Siwezi kumwachia Gerishon ayapike na mafuta ya taa.

Usiwaogope watu, Khaemba. Ukiweza, usimwogope na yeye.

Wako,
Bridgit Musimbi


Kabiro, Kawangware
9 Juni 1994

Musimbi,

Barua yako ilikuja ikinuka omena, samaki wa Akoth, lakini niliisoma mara nyingi.

Siku za kwanza nililala karakana, juu ya mbao. Gerishon akaniuliza mbona mtu mwenye kitanda analala juu ya mbao kama maiti. Nikaona nitashukiwa. Sasa nalala nyumbani, juu ya meza. Meza ni yangu mwenyewe niliitengeneza, haina neno.

Maji nimeweka. Nilisukuma bakuli kwa fimbo ya ufagio.

Jambo linalonisumbua ni hili. Leo asubuhi nilichungulia nikamwona anatetemeka. Mwili wote unarukaruka, unaacha, unaanza tena, kama mtu wa malaria. Nilikaa pale mpaka nikachelewa kazini. Ni mgonjwa? Nimnunulie dawa? Na kwa duka la dawa nitasema ni ya nani?

Watu wanaongea. Mke wa Gerishon anasema pale kwenye mfereji wa maji kwamba wewe ulimpa nyoka tumbo lako, ndio maana hatujapata mtoto. Redio nayo kila siku ni habari za waabudu shetani, kwa hivyo wanaamini. Mama pia ametuma neno kutoka Webuye. Anasema kuna msichana, mwalimu wa nasari, niende nimwone. Nakuambia mimi kabla hujaambiwa na mwingine.

Nzoia anaendeleaje? Alikuwa anakohoa siku ile ya mvua, ama ni mimi nilisikia vibaya?

Mimi,
Ambrose Khaemba


Lindi
13 Juni 1994

Khaemba,

Nimecheka mpaka Annet akaja kuangalia. Kulala juu ya meza! Chatu anapanda miti, mume wangu. Meza ni nini kwake?

Si mgonjwa, na dawa usinunue. Anatengeneza joto. Nyoka hana moto mwilini kama sisi, lakini huyu wa Bama akiwa na mayai hukaza nyama zake na kuzilegeza, kukaza na kulegeza, mpaka mwili unapata joto la kuwapa waliomo. Kila ukimwona anatetemeka, jua yuko kazini. Hali, halali vizuri, na anakonda. Baridi ikizidi nguvu zake, hapo ndipo tutayapoteza. Julai inakuja, na wewe unaijua Julai ya Kawangware. Fikiria jambo.

Kuhusu tumbo langu. Mwambie mke wa Gerishon... hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe siku nikirudi. Nimekunywa mizizi ya mama yako. Nimeombewa na Gerishon huyo huyo, mkono wake mzito juu ya kichwa changu. Nimelazwa hospitali, nimepekuliwa kama mzigo wa mpakani. Nyoka nilimpata baadaye. Na wewe pia usianze kuniambia kwa upole kwamba mayai haya ni watoto wangu. Annet alisema hivyo jana, nikainuka nikaacha chai. Si watoto. Ni nyoka. Ni kazi niliyoichagua, na mtu anaweza kuipenda kazi yake bila watu kumwekea mikono kichwani.

Huyo mwalimu wa nasari, ukitaka kwenda kumwona, nauli muombe mama yako.

Nzoia ni mzima. Amekula panya na anang'aa. Jumamosi tulionyesha pale soko la Toi, watu wakajaa mpaka njia ikafungwa.

Wako bado,
Bridgit


Kabiro
27 Juni 1994

Musimbi,

Mambo ni sawa. Baridi imeanza lakini nimepata njia ya kumpa joto, usiulize sana. Yai moja limekuwa jeusi, yuko nalo tu.

Nilikuwa na kichwa kuuma siku mbili, nimepona.

Simwendei mtu Webuye.

A. Khaemba


Lindi
6 Julai 1994

Khaemba,

Akoth si mtu wa fitina. Alikuwa anapima omena tu, akasema, “Mama wa ploti anamtunza bwana yako vizuri.” Nikamwuliza anamtunza vipi. Akafunga omena yake aondoke. Nikamshika kikapu, nikamwambia hutoki hapa. Ndipo akasema: Mama Kagiri anaingia nyumbani kwako asubuhi na jioni. Amebeba blanketi. Mlango unafungwa.

Mlango unafungwa, Khaemba!

Sasa nimeelewa ile barua yako fupi kama risiti. “Nimepata njia ya kumpa joto, usiulize sana.” Sitauliza. Mwanamke aliyenifukuza langoni mbele ya ploti nzima, yule fisi wa kujipaka mafuta, ndiye anaingia chumbani kwangu na blanketi? Nilidhani nashindana na msichana wa Webuye. Kumbe nashindana na mtu anayekusanya kodi.

Na Leso je? Mmemwua? Mmemtoa nje usiku mkasema amekufa kwa baridi? Kama mmemtoa, niandikie ukweli kwa herufi kubwa. Mimi si mtu wa kufichwa. Nitarudi hapo na mguu wangu huu huu waliosema usikanyage, na nitakanyaga.

Usijibu kwa maneno matatu.

Bridgit Musimbi


Kabiro
8 Julai 1994

Bridgit,

Mimi ni Beth Wakarima, Mama Kagiri, ule mwanamke umeandika ati ni fisi wa kujipaka mafuta. Ndiyo, nimesoma. Bwana yako alinipa barua nisome kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko hiyo nyoka.

Ya kwanza, simtaki. Anakoroma, ukuta wote unasikia. Nilizika bwana mmoja na hiyo inatosha.

Ya pili, utasikia kitu yeye hakukuambia. Kulipoanza baridi alichukua jiko ya makaa akaweka kwa nyumba, akaziba dirisha, akafunga mlango. Nilikuwa napita kuangalia mabati inavuja wapi. Nikaita, hakuna mtu wa kujibu. Nikasukuma. Nilimpata amelala chini, macho juu, mdomo bluu. Nilimvuta na miguu mpaka nje. Kama ningechelewa ungekuwa mjane kama mimi. Ndiyo hiyo kichwa ilimuuma siku mbili.

Nikarudi kutoa jiko. Ndipo nikaona sanduku. Nilitaka kupiga nduru, Bridgit, mdomo nilikuwa nimefungua tayari. Ile kitu iliinua kichwa ikaniangalia na haikukimbia. Haikunirukia pia. Ilikaa tu juu ya mayai zake. Bwana yangu alipokufa, ndugu zake walikuja na lori wanitoe kwa hii ploti. Mimi nilikaa kitandani nikawaambia wabebe kitanda na mimi juu yake. Wakaenda na lori tupu. Basi nikafunga mdomo.

Usifikirie ati sasa napenda nyoka. Sipendi. Nikiingia naangalia ukuta. Lakini kwa hoteli yangu maji ya chai inachemka siku yote. Tunajaza mitungi, tunafunga na blanketi, tunapanga kando ya sanduku. Mlango unafungwa ndio joto isitoke. Hiyo ndiyo siri yetu na bwana yako.

Ya tatu. Gerishon amezunguka nyumba kwa nyumba akisema nani anafaa kukaa kwa ploti yangu na nani hafai. Mimi nilikufukuza kwa hasira yangu mwenyewe, si kwa hasira ya Gerishon. Ploti ni yangu. Hata mtu akilala na simba, ni mimi wa kusema.

Kodi ya Julai bado iko pale pale.

Beth Wakarima


Lindi
10 Julai 1994

Mama Kagiri,

Nimepokea. Fisi naondoa. Mafuta yanabaki, kwa sababu unajipaka.

Umemvuta Khaemba kwa miguu ukamrudisha duniani. Sina neno la ukubwa huo, kwa hivyo siandiki.

Maji yasiwe ya kuchemka sana. Shika mtungi kifuani. Ukiweza kuvumilia wewe, na yeye ataweza. Na ukiingia usiangalie ukuta. Mwangalie yeye, ndipo ujue amekuona.

Langoni bado sijasahau.

Bridgit Musimbi


Kabiro
25 Julai 1994

Musimbi,

Ulisema nisijibu kwa maneno matatu. Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Mke wa Gerishon alishangaa maji ya moto yanaenda wapi, maana mtu mmoja hawezi kuoga hivyo. Jumamosi alichungulia kwenye ufa wa mlango. Hakupiga kelele. Alienda moja kwa moja kwa bwana yake.

Jana baada ya ibada walikuja. Si ploti yetu peke yake, hata watu wa ploti za jirani ambao siwajui. Waliimba kwanza. Gerishon alikuwa na Biblia mkono mmoja na nyuma yake kijana amebeba mkebe wa mafuta ya taa. Nilikuwa nje napiga randa ubao.

Gerishon akasema, “Khaemba, wewe hatuna ubaya na wewe. Toa vitu vyako. Tunachoma hicho kiota.”

Nikamwambia, “Hakuna mtu ameumwa.”

“Tunangoja mpaka mtoto amezwe?”

“Tangu Mei yuko juu ya mayai. Hajatoka hata kwenye sanduku.”

“Ni kazi ya giza,” akasema. “Hata wewe mwenyewe unaogopa. Nani hajui unalala juu ya meza?” Watu wakacheka.

Ni kweli, Musimbi. Naogopa. Ukiniuliza sasa bado naogopa. Lakini nilipomwona yule kijana anafungua kifuniko cha mkebe, nikafikiria jinsi Leso anavyotetemeka pale chini, wiki hizi zote, hali chakula, na mimi namwangalia. Nikaweka randa chini. Nikaingia ndani. Nikafunga komeo.

Nikawaambia kupitia mlango, “Sasa chomeni.”

Gerishon akasema, “Toka, usiwe mjinga.”

Nikasema, “Mimi nimefika nyumbani kwangu. Wewe ndiye uko nje.”

Nilikaa sakafuni kando ya sanduku. Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Leso aliweka kichwa ukingoni mwa ubao, karibu na goti langu, na mimi sikusogea, sijui kama ni ujasiri ama ni woga. Halafu nikasikia kiti kinaburutwa. Ni Mama Kagiri. Alileta kiti cha hoteli akaketi mbele ya mlango, mgongo wake uligusa mbao nikausikia.

Akasema, “Mwenye kuchoma aanze na mimi, halafu achome fundi, halafu achome ploti yangu. Halafu Gerishon aniambie jioni mtalala wapi nyote.”

Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, “Lakini godoro langu liko ndani ya hiyo line ya nyumba.” Mwingine akasema hata lake. Yule kijana akarudisha kifuniko. Gerishon aliomba kwa muda mrefu, akakemea, akataja jina lako na langu na la Mama Kagiri. Mama Kagiri akasema “Amina” kila alipotajwa. Wakatawanyika.

Nilifungua komeo, nikaenda kuokota randa.

Sijui itakuwaje kesho. Lakini nimeshusha godoro kutoka kwa meza, nimelirudisha kitandani.

Wako,
Ambrose Khaemba


Kabiro
2 Agosti 1994

Musimbi!

Wametoka!

Niliona kwanza mayai yamebonyea, nikadhani yameharibika, nikakaa siku nzima bila kumwambia mtu. Leo asubuhi maganda yamepasuka, na kwenye kila mpasuko kuna pua. Pua tu. Wanachungulia, wanarudi ndani, kama wapangaji wakisikia mwenye ploti. Mchana wa kwanza akatoka mzima. Nilimwita Mama Kagiri, akaja na mwiko mkononi. Akasema, “Ngai! Ni wazuri,” halafu akakataa kwamba amesema.

Si wote. Mengine yameoza, na mmoja alitoka nusu akafa. Lakini waliobaki wanatosha kujaza karai.

Rangi zao sijui kuandika. Madoa ya Leso yapo lakini hayakukaa peke yake peke yake kama ya mama yao, yameungana, yanakatika, yanaungana tena. Na weusi wa Nzoia umeingia katikati. Kichwa ni cha Nzoia kabisa. Mmoja amening'ata kidole. Ameng'ata fundi mzima, yeye mrefu kama kamba ya kiatu cha askari! Sikumpiga. Nilimwambia pole.

Lete Nzoia aone walivyofanana naye. Mama Kagiri anasema mguu wako unaweza kukanyaga.

Khaemba


Lindi
4 Agosti 1994

Khaemba wangu,

Nimesoma barua yako kwenye karo la kufulia, na sabuni mikononi, na nikalia mbele ya watu. Wamezoea, wanadhani ni sabuni.

Nzoia hayuko. Ile mvua ilimwingia kifuani ndani ya gunia. Hukusikia vibaya. Alikuwa akipumua mdomo wazi, mapovu yanatoka, na mimi nikamkumbatia chini ya blanketi, nikamwekea chupa za maji ya moto, ikawa bure. Nilipokuandikia kwamba anang'aa alikuwa amekwisha kuzikwa kando ya reli. Toi sijaonyesha kitu. Nafua nguo za watu tangu Juni.

Nilikuficha kwa sababu ungejua kwamba mayai yale ndiyo yote yaliyobaki yake, ungeyalinda kwa woga, na woga hufanya mkono utetemeke. Kumbe wewe ulikuwa unanificha kwamba ulikaribia kufa. Tumetoshana. Tusirudie.

Walimwua Nzoia, Khaemba, hata kama hakuna jiwe lililomgusa. Walisema aina hiyo isizae hapa. Na amezaa, tena na mgeni wa mbali.

Jumamosi nakuja. Nitakuja mchana, watu wakiwa wengi, na nitapita langoni. Usije kunichukua njiani. Nataka nitembee mwenyewe.

Bridgit Musimbi


Kabiro, Kawangware
18 Septemba 1994

Kwa Annet dada yangu,

Uliniambia nikifika nikuandikie, nikakaa mwezi mzima. Usikasirike. Kulisha hawa wadogo si mchezo, kila mmoja anataka panya wake mdogo na hakuna anayesubiri mwenzake.

Siku ile nilipita langoni. Gerishon alikuwa ameketi pale, Biblia magotini. Nilimsalimu. Aliondoa miguu njiani. Nikaenda mpaka kwenye mfereji. Mke wake alikuwa anachota maji. Nikaweka mzigo chini, nikamwambia mbele ya wote, “Mama, umenitangaza hapa miezi mingi. Tumbo langu ndilo hili. Halijaliwa na nyoka. Halijazaa, na halitaki msemaji.” Akaangalia ndoo. Maji yakajaa, yakamwagika, hakufunga. Nikamfungia mimi.

Usidhani mambo yamenyooka. Familia tatu zimehama, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa kusukana. Kanisani hatuendi tena pale kwa Gerishon, tunatembea mbali. Leso alikonda hata nikaona mbavu, akakataa kula, nikaanza kukata tamaa, ndipo akameza sungura siku moja kama hakujatokea kitu. Wadogo wengine wawili wamekufa bila sababu ninayoijua.

Lakini Jumapili iliyopita niliwaonyesha. Niliweka karai katikati ya uwanja wa ploti, bila malipo, nikasema atakaye kuona aje, asiyetaka abaki na mlango wake. Mwanzo ni Mama Kagiri peke yake, kwenye kiti chake. Halafu mlango mmoja ukafunguka, na mwingine. Wakauliza, huyu ni wa wapi? Nikawaambia baba yake ni wa mto Nzoia, mama yake ni wa Bama, na yeye ni wa Kabiro. Mwalimu mkuu mmoja amesikia, ameniita shuleni kwake. Nitaenda na wawili walio wapole.

Sasa nikuambie la mama mkwe. Amekuja Ijumaa kutoka Webuye, na hakuja peke yake. Amekuja na yule mwalimu wa nasari, amevaa gauni la kupigwa pasi, maskini, hata yeye hakujua ameletwa kwa nini, aliambiwa anasindikiza. Niliwapa chai na mkate. Mama mkwe hakunywa. Aliangalia chini ya kitanda, akaangalia mwanawe, akaanza kwa Kibukusu, kisha akaona anitendee haki akabadilisha kwa Kiswahili.

Akasema, “Ambrose, nimesikia mpaka Webuye. Ati ulijifungia na nyoka, watu wana moto nje. Mtoto wangu aliyekuwa akimkimbia hata mjusi! Huyu mwanamke amekupa nini unywe?”

Khaemba alikuwa anasugua ubao na msasa. Unamjua, si mtu wa maneno. Alipuliza vumbi, akaupapasa ubao kama anatafuta mahali palipobaki.

“Mama,” akasema, “hajanipa kitu. Na siku ile sikujifungia kwa sababu ya nyoka.”

Mama mkwe akangoja aongeze. Khaemba alirudi kwa msasa wake. Yule msichana ndiye aliyeelewa kwanza. Alinitazama mimi, akainua kikombe, akameza chai yake haraka, akaniuliza kwa heshima kama kuna gari la Webuye linaloondoka leo.

Mama mkwe alibaki. Yuko hapa hata sasa ninapoandika, kwenye kiti cha Mama Kagiri, amenipa mgongo. Chai ameshaanza kunywa.

Wako,
Bridgit Musimbi